Siku Sahani Ziliporudi Tupu

Ijumaa, mwezi ishirini na tisa Shaaban. Manyunyu tangu alfajiri, jua likachomoza kidogo kiasi cha saa nne, halafu mawingu tena. Nguo hazikukauka.

Asubuhi nilikuwa ukumbini nachambua mchele, dirisha wazi, na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Kijana aliyekuwa akisoma alifika kwenye jina la marehemu mmoja akajikwaa, akarudi nyuma, akalisoma vibaya zaidi kuliko mwanzo, kisha akapita haraka kama mtu aliyekanyaga kitu asichokitaka. Nikasita na ungo mkononi. Nikajisikia nasema peke yangu, kwa sauti, "Bwana Zubeir asingelisoma hivyo." Jina hilo sikumbuki nimelitamka lini mara ya mwisho.

Nitaandika ninavyokumbuka. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na humu nimezoea kuandika hali ya hewa na nani kaja kunitazama, si zaidi. Nilichokiona nitasema nimekiona, nilichokisikia nitasema nimekisikia. Kama nitamwonea mtu, basi si kwa kutaka.

Miaka ile, michache baada ya Mapinduzi, tulikuwa tukikaa katika uchochoro mmoja nyuma ya maduka ya Mlandege, nyumba ya watu watatu: mimi, mama yangu, na Bibi mzaa baba. Baba alikuwa Tanga kwenye mashamba ya katani, akija mara moja kwa mwaka. Mie nilikuwa na miaka tisa kwa hesabu ya mama na kumi kwa hesabu ya Bibi, na hao wawili hawakupata kukubaliana hata kwa hilo.

Juu ya kabati ilikaa redio. Ilikuwa ya mbao, kubwa kama sanduku la nguo, ina jicho la kijani linalochelewa kufunguka, na ikishapata moto ilitoa harufu ya vumbi lililoungua. Mpaka leo, mtu akisahau pasi juu ya nguo, hunijia redio ile. Bibi aliifumia kitambaa cheupe cha kroshia, na hakuna aliyeigusa ila yeye.

Ndani ya redio ile alikuwamo Bwana Zubeir. Sauti yake haikuwa nene. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa karibu nawe anakwambia jambo na hana haraka ya kuondoka. Alisoma habari, alisoma bei ya karafuu, alisoma siku za kugaiwa mchele na unga. Lakini watu walimpendea vifo. Akimtaja marehemu, alimtaja yeye na baba yake na babu yake, kila herufi mahali pake, 'ayn na ghayn zote zikitoka kooni zinakopaswa kutoka, halafu alinyamaza kidogo, kiasi cha mtu kusema inna lillahi, ndipo akaendelea na pahala na saa ya maziko. Alipofariki babu yangu alikuja mwenyewe nyumbani kabla ya kwenda kazini, akasimama mlangoni viatu mkononi, akamwuliza Bibi ukoo wa babu unatamkwaje, kwa kuwa ulikuwa ukoo wa Tumbatu na hakutaka kuukosea. Bibi alilisimulia jambo hilo mpaka wageni wakalijua kwa moyo.

Na Ramadhani alikuwa yeye. Msikiti ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, adhana yake ikitikisa vikombe, lakini Bibi hakufuturu kwa adhana ile. Alishika tende karibu na mdomo, macho kwenye jicho la kijani, mpaka Bwana Zubeir atangaze kwamba kwa Unguja mjini na vitongoji vyake wakati umeingia. Mama akimwambia kwamba mwadhini keshamaliza, Bibi hujibu, "Mwadhini ana njaa. Bwana Zubeir ana saa."

Naye alikuwa jirani yetu. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka yetu, na mkewe, Bi Ruzuna, alikuwa shoga wa mama. Nilimpenda Bi Ruzuna kwa sababu alinukia hiliki na kwa sababu hakunituma dukani. Ramadhani ikiingia, kabla ya magharibi, uchochoro mzima ulijaa watoto wenye vyombo vilivyofunikwa kawa: vitumbua vinakwenda kule, tambi zinakuja huku, uji wa huyu unapishana na samaki wa yule. Ukipelekewa kitu, ulikaa na chombo mpaka nawe upate cha kutia, kwa maana hakuna aliyerejesha chombo kitupu. Asiyekuwa na kitu alitia tende mbili, au kipande cha chumvi, au asumini alizochuma asubuhi. Kwa hivyo sahani za uchochoro wetu zilikuwa zikizunguka mwaka hadi mwaka, na sahani ya mtu ingeweza kukaa kwa mwenzake toka mfungo huu mpaka mwingine bila yeyote kuulizia. Kwetu lilikuwapo bakuli la Bi Ruzuna, la kauri, lina maua ya samawati ubavuni na mpasuko mwembamba kama unywele.

Miaka ile ilikuwa ya foleni. Mchele kwa foleni, unga kwa foleni, sukari ukiipata ulihadithia. Bwana Zubeir ndiye aliyetusomea kwamba wananchi tuvumilie, tule vyakula vinavyoota katika ardhi yetu, muhogo una nguvu, ndizi zina nguvu. Watu waliguna, lakini waliguna taratibu, maana ilikuwa sauti yake. Ndiye pia aliyetusomea, wiki baada ya wiki, adhabu inayomngoja mtu atakayekamatwa na magendo ya karafuu. Adhabu yenyewe ilikuwa ya kutisha. Mama alikuwa akinifunika masikio, na mie nilisikia vilevile.

Mwezi wa Rajab, siku moja adhuhuri, sauti haikuwa yake. Alisoma kijana aliyekuwa mwanafunzi wake pale redioni, tulimjua kwa kuwa Bwana Zubeir aliwahi kuja naye kula pilau ya Maulidi. Alisoma vifo, akasoma habari za nje, kisha akasoma kwamba mtangazaji Zubeir amekamatwa na atashitakiwa. Gari la kurekodia, lile alilokwenda nalo mashamba kurekodi ngoma, limekutwa Nungwi na magunia ya karafuu chini ya nyaya. Gari lile, watu walisema baadaye, lilikuwa halisimamishwi njiani na askari yeyote; wakisikia sauti yake dirishani walimpigia saluti na kumwomba awasalimie jamaa zao hewani.

Bibi aliinuka, akazima redio, akaifunika kitambaa chake cha kroshia mbele na nyuma. Siku ile hakula mchana.

Hasira za watu sikuzipata kuziona vile kabla wala baada. Nilikuwa kwenye foleni ya unga na mama asubuhi yake, na foleni nzima ilikuwa inaongea, foleni ambayo siku zote ilikuwa kimya. Bi Tatu, muuza mbatata za urojo, mwanamke mwenye ulimi, alisimama mbele yetu na mkoba wake mtupu akasema, "Sie katwambia muhogo una nguvu, muhogo una nguvu. Mwenzetu nguvu zake anazipata kwenye karafuu." Watu wakacheka, kicheko kile cha tumbo tupu. Mzee mmoja aliyefiwa na mwanawe mwaka ule hakucheka. Alisema mwanawe katangazwa kwa mdomo ule, sasa ende kwa nani akamtangaze tena? Nilisikia, na hili sikuliona, kwamba wako waliokwenda redioni kweli kuomba wafu wao wasomwe upya na mtu mwingine, na bawabu akawafukuza.

Kufikia Ijumaa alikuwa keshajengewa ghorofa Mombasa. Kufikia Jumapili alikuwa na mbili, na meno ya dhahabu yamefichwa pahala. Mie nilimjua mkewe kwa kanga mbili, akivaa hii akafua hii. Lakini nataka kuwa mwadilifu: walikuwa na jokofu, na katika uchochoro wetu hapakuwa na jokofu jingine, na sikujua lilikotoka. Magunia pia yalikutwa; hilo hata Bi Ruzuna hakulikanusha. Alimwambia mama tu kwamba mumewe alikwenda Nungwi pamoja na dereva na kukamatwa pamoja naye, na kwamba yeye hajui kilichokuwamo baina ya hapo. Mama alimwamini. Mimi leo, na umri huu, siwezi kusema namwamini wala simwamini. Ninalolijua ni kwamba hakuna mtu kwenye foleni aliyeuliza.

Bibi alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza funga zake. Miaka yote ile kafuturu kwa sauti ya mtu yule, jee, zimesihi? Mwalimu alimwambia jua lilikuwa limeshatua, Bi Mkubwa, na kutua kwake hakukutegemea nani katangaza. Bibi alishukuru, akarudi, akanuia, akafunga karibu Shaaban yote kuzilipa. Nilimwona akikonda. Alikuwa hamtukani Bwana Zubeir kama wengine. Alikuwa akisema jambo moja tu, akikaa peke yake na tasbihi: "Alisimama hapa mlangoni, viatu mkononi."

Siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, asubuhi, nilitumwa kumwaga maji machafu nikakuta uchochoro umejaa wanawake. Kila mmoja alikuwa na chombo. Bi Tatu alikuwapo na sahani tatu za bati zilizopandana. Hawakugombana, hawakupiga kelele. Walikwenda mmoja mmoja mpaka kwenye baraza ya Bi Ruzuna, wakaweka, wakaondoka. Sahani, mabakuli, sinia la shaba, birika moja isiyo kifuniko. Vyombo vya miaka mingi vilirudi asubuhi ile, vimeoshwa, vikavu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na kitu. Hata chumvi.

Nilisimama na ndoo yangu. Nilidhani ni usafi wa kukaribisha mwezi mtukufu, na nikafurahi, nikafikiri Bi Ruzuna naye atafurahi kuvipata vyombo vyake. Mlango ukafunguka akatoka. Aliviangalia. Halafu akaanza kuviingiza ndani, kimoja kimoja, akikipangusa kila kimoja kwa ncha ya kanga kama kwamba kilikuwa kimelowa. Ilimchukua muda mrefu, na wanaume waliokuwa kwenye baraza za mbele walitazama mpaka akamaliza. Mmoja alimwuliza kama anataka kufungua duka la vyombo. Akamjibu kwa adabu kwamba bado hajapata leseni.

Nilipomhadithia Bibi, alikwenda moja kwa moja jikoni akalitoa bakuli lenye maua ya samawati, akamwekea mama mbele.

"Na hili lende," alisema.

Mama alikuwa akikuna nazi. Hakunyanyua uso. "Litakwenda, mama. Likiwa na kitu."

"Wenzio wote washarejesha. Limebaki letu. Kesho watu watasema kwetu ndiko walikoweka amana zao."

"Nnajua watakavyosema."

"Unajua? Mumeo yuko mbali, mie mzee, na huyu mtoto. Wakija kutugongea utawaambia nini, kwamba ulikuwa unapenda bakuli?"

Mama aliacha kukuna. Sikumbuki kumwona kabla ya siku ile akimtazama Bibi usoni namna ile. "Nilipojifungua huyu, siku saba uji wangu ulikuja na bakuli hili," alisema. "Mie sitolipeleka kavu."

Bibi aliondoka. Bakuli likabaki pale juu ya meza, na kwa siku mbili watu wawili wa nyumba yetu walipita pembeni mwake bila kulitazama.

Nataka nimfanyie haki Bibi pia. Hofu yake haikuwa ya bure. Wakati ule mtu aliweza kuitwa akaulizwe maneno na asirudi siku hiyo, wala ya pili. Mama alikuwa na ujasiri, lakini ujasiri wake tungeulipia sote watatu, na Bibi ndiye pekee aliyekuwa akilihesabu hilo.

Siku ya kwanza ya Ramadhani unga ulikuwa umekwisha na mchele haujagaiwa. Mama alipika muhogo wa nazi. Alipoungoja utulie, harufu ya tui na pilipili mbichi ilijaa nyumba nzima, nami nilikuwa nimefunga kwa mara ya kwanza, nusu ya siku tu, nikahisi naweza kuila ile harufu. Akaujaza ndani ya bakuli la maua, vipande vizuri juu, akafunika kawa, akavaa buibui lake. Mie nikanyoosha mikono kulichukua, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi ya watoto. Mama akanipita.

"Leo nnakwenda mwenyewe," alisema.

Bibi alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilidhani atamzuia. Hakumzuia, alivuta miguu yake ndani ili mama apite.

Jua lilikuwa bado juu kidogo na baraza zote zimejaa watu wanaongoja magharibi. Nilichungulia dirishani. Mama alitembea katikati ya uchochoro na bakuli mbele ya kifua, na kadri alivyopita mazungumzo yalikatika nyuma yake. Aligonga. Akagonga tena. Mlango haukufunguka, lakini nilimwona akisogeza sikio kwenye ubao, akasikiliza, akasema kitu, akasikiliza tena. Halafu akageuka na bakuli lake akarudi njia ileile, mbele ya macho yaleyale. Bi Tatu, aliyekuwa mlangoni kwake, alimwambia kwa sauti ya kutosha uchochoro mzima kwamba siku hizi hata mwizi anachagua futari. Watu wakacheka, na safari hii walicheka wakiwa wamefunga.

Mama alipoingia nilimwuliza kasema nini. Akajibu kwamba Bi Ruzuna kasema hataki.

Nilimchukia Bi Ruzuna kwa neno hilo. Kwa mawazo yangu ya kitoto alikuwa ameringa, mama yangu kabeba chakula chetu mchana kweupe na yeye hata mlango hakufungua. Nilikaa na chuki hiyo miaka. Nilikuwa nimeshaolewa na nina watoto ndipo mama aliponambia maneno yenyewe, tukiwa tunamenya viazi, kama jambo dogo. Bi Ruzuna alisema kutoka nyuma ya ubao: "Rudi nacho, dada. Nikiufungua mlango huu, wote hawa wataona umeingia kwangu. Una mtoto. Rudi nacho, nawe usiseme kwa nini nimekurudisha." Mama hakusema, ndiyo maana alinambia tu kwamba hataki.

Bwana Zubeir alihukumiwa kifungo kirefu. Kesi ilikuwa fupi, na siwezi kuieleza kwa kuwa hakuna tuliyemjua aliyekuwamo ndani. Watu walisema kapata kidogo. Bi Ruzuna alirudi kwao Makunduchi na vyombo vyake vyote, na nyumba ikakaliwa na watu wengine. Baada ya miaka, siku moja ilikuja habari kwa mdomo wa mtu wa sokoni kwamba Bwana Zubeir kafariki gerezani kwa maradhi. Mama alikwenda kuondoa kile kitambaa cha kroshia juu ya redio, Bibi akimtazama, akaiwasha. Iliwaka kutoka asubuhi mpaka jicho la kijani likaanza kufifia. Ilisoma vifo vya adhuhuri na vifo vya jioni, watu wa Kikwajuni, watu wa Mwera, mtoto mmoja wa Chwaka. Jina la Bwana Zubeir halikusomwa. Yawezekana hakuna aliyepeleka tangazo, siwalaumu watu wa redio kwa jambo nisilolijua. Lakini mama alingoja.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hasira ile ya watu ilikuwa ya karafuu. Baadaye nikadhani ilikuwa ya mapenzi, kwamba walimkasirikia hivyo kwa sababu walimwamini hivyo, na katika Bibi yangu naona ilikuwa kweli. Sasa nafikiri lilikuwapo na jambo jingine, na naliandika kwa woga maana huenda nikakosea. Tulikuwa na njaa, na mtu alitazama nyuma yake kabla ya kusema kwamba unga una wadudu. Kisha akatolewa mtu mmoja mbele yetu, tunamjua jina na mlango wake, ambaye kumtukana hakukuwa na hatari. Hatari ilikuwa kutomtukana. Watu wakammwagia kila walichokuwa nacho, na yeye kama alitenda kosa, alilipia na lisilokuwa lake. Foleni siku ya pili ilikuwa ndefu vilevile, na ilikuwa imerudi kuwa kimya.

Jioni ile ya kwanza ya Ramadhani redio haikuwashwa. Bibi alifuturu kwa adhana ya yule mwadhini mwenye njaa. Mama alikuwa ameliweka bakuli katikati ya mkeka kama alivyorudi nalo, na hakukuwa na chakula kingine. Kwa muda hakuna aliyenyoosha mkono. Halafu tukala muhogo wa nazi, umeshapoa, tui limeganda pembeni juu ya yale maua ya samawati. Mama alikula tonge mbili akasema ameshiba. Bibi ndiye aliyelikomba bakuli.